Mutegi Anasikia Baridi

Manyatta, Embu
3 Februari 2025

Kwa mwanangu Makandi,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi tu wazima, ng'ombe amezaa, na mvua inatuahidi tu kama kawaida yake. Natumai mumeo Riungu na binti yenu Kagwiria mdogo wanaendelea vizuri huko Meru.

Ndani ya hili furushi kuna sweta za watoto. Marcella, huyu msichana wangu wa kazi, ndiye aliyelifunga, kwa hivyo usishangae ukikuta amelikaza kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Ulisema unataka kuzipiga picha uziweke kwa mtandao. Piga. Lakini nikuambie mapema usije ukanilaumu: Adrian wa Karurumo amerudi kuniuliza kama nitamuuzia mashine ya kufuma. Nimemwambia nitamjibu Krismasi. Watu wananunua mtumba, na zile za kiwanda zina picha ya sungura. Sasa sweta yangu yenye jina la mtoto kifuani, nani anaitaka? Marcella anakaa hapo mlangoni pa duka akiwatazama watu wakipita na mifuko ya wengine.

Si biashara peke yake inayoniuma. Unajua Mungu hakunijalia kuzaa, kwa hivyo hakuna nyumba hapa Manyatta wala kwingine ambako msichana ataitwa Wambeti kwa ajili yangu. Jina langu nitaenda nalo. Nimezoea, sitaki mtu anihurumie. Lakini nikidarizi jina la mtoto wa mwenzangu, najua kuna cucu, nyanya wa mtoto huyo, mahali fulani amerudi kuwa mdogo, na mikono yangu imemvalisha. Nikimpa Adrian mashine, nimempa na hilo.

Asante kwa kunikumbuka. Wengi wakishapata ofisi ya mjini, huku kwetu wanakuja mazishi tu.

Ni mimi Tata yako,
Wambeti


Meru mjini
11 Februari 2025

Tata mpendwa,

Furushi limefika, na kamba ya Marcella tumeikata kwa panga. Sweta ni nzuri mpaka nimelia kidogo. Nilikumbuka ile ya bluu uliyonifumia mama, dada yako, alipofariki ukanichukua, nikaingia darasa la kwanza nikiwa na jina langu kifuani. Watoto wengine walikuwa hawajui hata mimi ni nani, lakini walijua kusoma, basi wakaniita. Sijawahi kukushukuru kwa ile sweta. Nakushukuru leo.

Sasa kazi. Unajua mimi hapa ofisini natafutia biashara za watu kastoma kwa simu na kompyuta. Kosa la wengi ni kumpigia kila mtu kelele moja: njooni, njooni, bei nafuu. Mtu anapitisha kidole, amekusahau. Sisi tutamwambia kila mtu neno lake. Nimefungua ukurasa, nimeuita Sweta za Manyatta. Mama akitaka kuona rangi, anajaza jina la mtoto na mwezi aliozaliwa. Kutoka hapo mtambo wenyewe unajua huyu anaanza kukaa, huyu anaanza kutambaa, huyu sweta imeshambana, na unamtumia mama yake ujumbe unaomtaja mtoto kwa jina. Mama gani atapita jina la mtoto wake?

Usimjibu Adrian kitu. Nipe mpaka hiyo Krismasi yako.

Nashindwa kuja mwezi huu, tumbo linanisumbua kidogo. Si kitu.

Wako,
Makandi


Meru mjini
20 Machi 2025

Tata,

Watu wako wa Embu wananichezea. Nimewauliza jina la mtoto, na nusu yao wameandika upuzi. Mmoja ameandika Baba. Mwingine Mzee. Mwingine Cucu, na mtoto mwenyewe hana meno. Mtambo hauna macho, ukawatumia salamu vilevile: Habari Mama Baba. Habari Mama Cucu. Bosi wangu alipita nyuma yangu akasoma, akaniuliza kama niko sawa.

Nimeshatengeneza. Sasa fomu inataka jina kama lilivyo kwa kadi ya kliniki, hakuna mchezo. Nimewaandikia na ujumbe mzuri wa kungoja baridi ya Julai. Utaona kastoma watakavyokuja.

Huu uzi mpya uliotuma niupige picha una harufu kali, ama ni pua yangu. Nimeuweka nje.

Makandi


Manyatta
14 Aprili 2025

Makandi,

Kastoma amekuja. Kaa chini nikuambie vile alivyokuja.

Bahasha yako ya Machi ililala Embu mjini, ofisi ya mizigo, mpaka Jumamosi. Kwa hivyo barua yako nimeisoma Mzee Mutegi akiwa tayari ameketi kwa kiti changu, na fimbo ameiweka mezani juu ya sweta. Ametoka kule juu karibu na msitu kwa miguu. Celina, mke wa kijana wake, alijaza fomu yako. Simu ni ya Celina, lakini mchana hukaa na mzee kwa sababu ya redio. Basi mzee akiwa anasikiliza habari, simu ikalia, akavaa miwani na kusoma. Alinisomea na mimi, neno kwa neno:

"Mama Mutegi, Julai inakaribia na Mutegi anasikia baridi usiku. Mkumbatie na sweta ya Manyatta."

Akaivua miwani. "Wambeti," akasema, "nani amewaambia mimi nasikia baridi? Na kwa nini mnamtuma mke wa mtoto wangu?"

Makandi, nilishika meza. Marcella alikimbia nje, na nikamsikia anacheka nyuma ya choo. Mzee alikuwa amekasirika kweli. Anasema Celina tangu siku hiyo akimwona anajificha jikoni, na chai anamtuma mtoto wa jirani ampelekee.

Wewe ulikulia kwangu, au mji umekusafisha kichwa? Kijana wa kwanza anapewa jina la baba ya mume. Na mwanamke atalitamka jina la baba ya mume wake saa ngapi? Atamlilia mtoto akianguka kisimani aseme Mutegi, Mutegi? Anamwita Baba, anamwita Mzee. Wale mama hawakukuchezea. Walikujibu kwa adabu, wewe ukawalazimisha.

Nilimpikia chai mwenyewe. Nikamwambia huu ni ujinga wa mwanangu Makandi na si dharau, na anayesikia baridi ni mtoto. Akaishika fimbo, nikadhani atanipiga nayo. Kumbe anafikiria.

"Mtoto gani?"

"Wajina wako," nikamwambia.

"Basi huyo ni mimi," akasema. "Wa kumvalisha ni mimi. Huyo Celina mnamsumbua wa nini, na jina lenyewe hawezi kulitaja?"

Akaanza kuzipindua sweta moja moja. Sungura hataki. Njano hataki, ati ni ya kuku. Alitaka kahawia kama koti lake la kanisani, na kola, na vifungo vikubwa, na MUTEGI kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani. Tumemaliza jana. Alikuja kuichukua akaikunja kwa gazeti, na akapita nayo soko lote polepole. Celina amenipigia simu kushukuru, anasema amani imerudi na chai anapeleka mwenyewe.

Sijui nikupige ama nikushukuru. Pasaka unakuja?

Tata


Meru mjini
22 Aprili 2025

Tata wangu,

Nipige. Nilisoma barua yako nikataka kujificha jikoni na Celina. Riungu amecheka mpaka majirani wakabisha hodi, na sasa kila jioni ananiuliza kama Mutegi amepata blanketi. Mfikishie mzee pole yangu, kwa heshima yote. Niliambiwa kwa semina kwamba jina la mtu ndilo tamu kwake kuliko yote, na hakuna aliyeniambia kwamba kwetu jina lina wenyewe wawili.

Lakini nimeisoma tena nikiwa nimetulia. Tata, tumekuwa tukibisha mlango usio wenyewe. Mama ana mambo mengi, anataka sweta yoyote ya kuzuia baridi, na mtumba utamtosha. Anayeitaka sweta yenye jina ni mwenye jina. Na yeye hakuna tangazo limewahi kumwita.

Nimebadilisha kila kitu. Sasa tunamuuliza mama kitu kimoja: mtoto amepewa jina la nani wa nyumba yenu, na je, tunaweza kumtumia salamu? Akikubali, anatuachia namba. Na hatutaandika, kwa sababu cucu wengi miwani yao iko nyumbani na simu iko shambani. Tutawatumia sauti. Sauti yako, kwa Kiembu. Ya watu wa Meru ataisema mama yake Riungu, maana Kagwiria wetu ana jina lake, na yeye mambo ya wajina anayajua. Ukitumia Kiembu chako kule Igembe watakujibu kwa adabu tu, hawatanunua.

Pasaka sikuweza kuja. Mgongo. Usijali.

Makandi


Manyatta
9 Mei 2025

Makandi,

Nimesema hayo maneno mpaka koo limekauka. Mara ya kwanza jogoo aliingilia. Mara ya pili Marcella alicheka. Mara ya tatu nilisahau jina langu mwenyewe. Mwishoni nilienda kanisani mchana hakuna mtu, nikaketi kwa benchi letu la mbele na kusema kama naongea na mtu mmoja. Umeisikia:

"Cucu, ni mimi Wambeti wa Manyatta. Nasikia wajina wako amefika. Karibu uniambie rangi unayoipenda wewe, nimfumie."

Ya wazee pia nimesema. Haya, tuma. Ikileta fimbo nyingine, nitampa anwani yako.

Na huo mgongo wako umeanza lini? Wewe si mtu wa mgongo.

Tata


Manyatta
2 Agosti 2025

Mwanangu,

Sijakuandikia kwa sababu mikono imejaa. Julai yote wanapiga simu, na hawapigi wakaagiza tu. Kwanza anakuambia alivyozaliwa, na vile alivyokuwa mrembo, na kitambaa alichovaa harusini, ndiyo sababu wajina lazima awe na ya zambarau. Ninawasikiliza wote. Nimempata mama mmoja wa kumsaidia Marcella. Mzee Mutegi anapita kila Jumanne kukagua kazi kama chifu, na ametuletea wazee wenzake wawili wanaobishana nani ana wajina mzito zaidi.

Na yule Mzee Kailemia wa Kangeta uliyenielekezea, muuza miraa. Alitaka mfuko wa ndani, kama wa koti lake la sokoni, ati mtu mwenye jina lake hawezi kukosa pa kuweka vitu vyake. Mtoto mwenyewe bado ananyonya. Nimeweka mfuko. Amenitumia picha ya mtoto akiwa amevaa, na yeye amesimama kando, amenyooka kuliko mwanajeshi.

Adrian nimemwambia aache kuja. Sikungoja Krismasi. Nilipomwambia niliingia nyuma ya duka nikamshukuru Mungu, halafu nikakushukuru wewe kwa sauti, kama uko hapo. Umeniokoa, Makandi. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa nyumbani natazama mikono yangu.

Swali lako la kwa simu, kwamba mimi kama mimi ningechagua rangi gani, hilo silijibu. Mimi ni wa kufuma. Waulize wenye wajina.

Utakuja lini? Mwaka unaisha sijaona uso wako, nakuona picha za kichwa tu.

Tata Wambeti


Meru mjini
15 Agosti 2025

Tata,

Daktari amenikataza safari kwa sasa. Nakuahidi si jambo baya. Nikitoka hapa nitakuambia yote, na utanigombeza mara moja tu kwa yote, tusipoteze wakati.

Asante hukumpa Adrian mashine. Barua yako Riungu ameibandika jikoni.

Makandi


Manyatta
23 Septemba 2025

Makandi,

Nakuandikia na moyo mzito, na natuma hii bila sweta yoyote ndani ya bahasha.

Jana mchana nilikuwa nje nachambua sukumawiki. Simu ikalia, nikabonyeza nikidhani ni oda. Nikasikia sauti yangu mwenyewe. "Cucu, ni mimi Wambeti wa Manyatta. Nasikia wajina wako amefika." Marcella alikuwa karibu, na yule mama mwingine, na Mzee Mutegi kwa benchi lake. Wote walisikia, wote wakatazama chini.

Huo mtambo wako umekosea tena, umeniingiza mahali pa watu wenye wajina. Najua si wewe, ni mashine, na mashine haina macho, wewe mwenyewe ulisema. Lakini imeniuma. Nimeyatuma hayo maneno kwa nyumba ngapi nikifurahi na wenyewe, na sikuwahi kujiuliza yangesikika vipi mlango huu. Sasa nimejua. Nilikuambia tangu Februari nimezoea, na ni uongo. Mtu hazoei.

Toa namba yangu huko. Simu nimeizima nikaiweka kabatini chini ya nyuzi, nikitulia nitaiwasha. Kazi itaendelea, usiogope. Bado ninakushukuru kwa yote.

Tata yako


Meru, hospitalini
25 Septemba 2025

Tata wangu, mama yangu,

Tumekupigia siku tatu. Riungu alitaka kuja huko mwenyewe, nami nikamwambia angoje, maana barua yako inasema umezima simu kutulia, na wewe ukiamua kutulia hata chifu humfungulii. Barua yako ilipofika amenisomea hapa kitandani, na alishindwa kumaliza. Sasa naandika mimi, mkono mmoja, kwa sababu mwingine umeshikwa.

Mtambo haukukosea. Namba yako niliiweka mimi mwenyewe, Jumatatu asubuhi, na ndicho kitu cha kwanza nilichofanya nilipopewa simu.

Ni msichana. Amezaliwa alfajiri ya Jumatatu, ana nywele nyingi na hasira nyingi. Anaitwa Wambeti.

Ndiyo ule mgongo, na lile tumbo, na ile harufu ya uzi. Nilikuficha na nilikuwa na sababu. Ningekuambia mapema ungekataa. Ungesema jina ni la marehemu dada yako, mpe Ruguru, mimi ni nani. Lakini Ruguru tayari yupo, kaka yangu Mugendi alimwita hivyo binti yake, na mama amepata nyumba. Upande wa Riungu wamepata Kagwiria. Hii ilikuwa zamu yangu, na mama yake Riungu ndiye alikuwa wa kwanza kusema, kabla hata sijafungua mdomo: mwite yule aliyekulea. Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nilingoja tu azaliwe na aitwe, kwa sababu jina likishamshika mtoto, hata wewe huwezi kulirudisha.

Nisamehe kwa vile ulivyoipata. Nilitaka uisikie kama cucu wengine wanavyoisikia, kwa ile sauti nzuri inayowafurahisha. Nilifikiri utafurahi papo hapo. Sikufikiri kwamba hutaamini.

Basi nakuuliza tena kama kastoma, na safari hii ujibu. Rangi gani?

Makandi


Manyatta
27 Septemba 2025

Kwa Wambeti,

Wewe hunijui. Mimi ni Wambeti pia, wa Manyatta, na nimekuwa Wambeti peke yangu muda mrefu. Karibu. Tuko wawili.

Barua ya mama yako nimeisoma nimesimama, halafu nimeketi, halafu Marcella amenisomea tena kwa sababu macho yalikataa. Nimemwamsha Mzee Mutegi kwa benchi lake nikamwambia, nikaenda nikamwambia mwenye duka la nyuzi, nikamwambia mchungaji, na mtu mmoja wa Runyenjes ambaye alikuwa anauliza njia tu. Mwambie mama yako nimemsamehe na nimekasirika, vyote. Na umwambie asante. Mimi nikimwambia tutalia na hatutamaliza.

Jumatatu nakuja, na Mzee Mutegi amesema anakuja na mimi kukuona wewe, wajina mdogo kama Mutegi wake, ati wenye majina wajuane.

Hii sweta nimeifuma mwenyewe, hakuna mtu amegusa. Ni kijani, ile ya majani chai machanga mvua ikishapita, na ukingo mweupe. Ndiyo rangi yangu. Nilikuwa naijua siku zote. Jina liko kifuani, kubwa, la kuonekana kutoka barabarani. Imekuwa kubwa kidogo maana sijakuona, lakini utakua. Mama yako asiifue na maji moto.

Ni mimi wajina wako,
Wambeti